Karanga za Swali la Kijinga

Jambo lote liligharimu matenga sitini na mawili ya nyanya, nauli ya watu wawili kutoka Mbeya hadi Ruaha Mbuyuni na kurudi, darasa moja lililofungwa, na swali moja ambalo halikuulizwa. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na kila nikifika mwisho naona lile swali ndilo lililokuwa ghali kuliko vyote, ingawa ndilo pekee lililokuwa la bure.

Tulimwita Madam. Jina analo, lilikuwa kwenye cheti kilichotundikwa ukutani, lakini hakuna aliyelitumia, hata muuza maandazi wa pale mlangoni. Alikuwa amestaafu ualimu wa hesabu. Akakodi chumba nyuma ya duka la madaftari pale Mwanjelwa, akapanga kompyuta sita zilizokwisha kutumika na wenzetu wa ng'ambo, na kila Jumamosi mchana akawa anafundisha watu wazima kutengeneza kurasa za mtandao. Mtu mzima, kwa maana yake, ni yeyote asiye na mtu mwingine wa kumuuliza.

Mimi ni dalali wa nyanya na vitunguu. Elimu yangu ni darasa la saba na soko. Nilikwenda kwa sababu wanunuzi walianza kuniuliza kama nina ukurasa, na mimi sipendi kuulizwa kitu ambacho jibu lake ni sina. Siku ya kujiandikisha nikataka anipunguzie ada. Nikaanza na afya yake, nikaenda kwenye hali ya soko, nikamalizia na watoto wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, halafu akasema, "Dalali, bei ya mwisho ndiyo ile ya kwanza." Hakuwahi kuniita kitu kingine tangu siku hiyo.

Nilimheshimu. Halafu nikamwonea huruma, maana mtu wa namna hiyo akiingia sokoni analiwa. Na kweli aliliwa. Alikuwa akija kwenye meza yangu, anasimama mbele ya fungu, anatoa noti na kungoja chenji. Hasemi hii bei gani, hasemi niongezee. Mwanzoni nilidhani anazo. Baadaye nikajua kwamba kuuliza ndiko kulikomshinda. Aliwahi kunisimulia mwenyewe kuwa alipewa dawa ya macho, akaona haya kumuuliza nesi ni matone mangapi, akarudi nyumbani akakadiria. Mwalimu wa hesabu, anakadiria matone. Nikaanza kumwekea nyongeza bila kusema, nyanya mbili tatu chini ya mfuko. Siyo wema. Kumlalia mtu asiyejitetea hakuna utamu.

Sasa mtu huyohuyo ndiye aliyetunga sheria ya karanga.

Kila kipindi kilianza kwa maswali, na si maswali mazuri. Alitaka yale ya aibu, yale ambayo mtu anaenda nayo nyumbani na kulala nayo. Aliyeuliza la kijinga kuliko wote alipewa karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi. "Swali halina kiingilio," alikuwa akisema. Karanga zililiwa nje, kwa sababu maganda yanaua kibodi. Yeye mwenyewe alitafuna wakati wote akifundisha, na kibodi yake ukiigeuza na kuipigapiga ulipata nusu ya chakula cha mchana.

Mimi karanga nilizipata siku ya kwanza kabisa. Alisema, "Leo tutaandika kodi," nami nikaangalia mlango uko wapi. Nimekimbia watu wa kodi miaka mingi, na sasa nimelipa ada ili nikafundishwe kuiandika mwenyewe. Nikauliza kama ni lazima tutaje na mapato. Darasa likacheka, mimi nikacheka, tukajua kumbe kodi hii ni maneno unayoiandikia kompyuta ili ifanye kazi. Hiyo haikuniuma. Ujinga wa siku ya kwanza ni wa wote.

Alifundisha kwa mifano ya nyumbani. Kila kitu kwenye ukurasa kina alama ya kukifungua na alama ya kukifunga, na sisi tulikuwa hodari wa kufungua tu. Mtu anataka neno moja liwe nene, anasahau kufunga, ukurasa mzima unanenepa mpaka chini. Madam anapita nyuma yake na kusema, "Hata choo kina mlango." Mwingine anabadilisha bei kwenye ukurasa wake, anautazama, bei ni ileile ya jana, anaanza kuilaumu kompyuta. "Umesevu?" Hajaihifadhi. "Kompyuta ni mtoto mtiifu kupita kiasi," alisema. "Inafanya ulichosema. Ulichokusudia haikijui."

Kulikuwa na dada mmoja muuza maziwa ambaye ukurasa wake ulikataa kufunguka kabisa. Tulizunguka kiti chake kama watu kwenye ajali. Madam akasoma kimoyomoyo, akaweka kidole kwenye kioo, akasema, "Ng'ombe huyu ndiye ameangusha ukurasa." Tukadhani ni utani. Kumbe maneno kwenye skripti, yale maagizo yanayoufanya ukurasa utende kazi, hufungiwa kati ya vialama viwili vidogo vinavyoning'inia juu, na kompyuta ilipokikuta kile cha ng'ombe ikadhani sentensi imeisha. Ikabaki na "ombe" mkononi, na "ombe" haijui. Tangu siku hiyo hakuna aliyeandika ng'ombe bila kumwangalia mara mbili.

Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa na neno moja: nimejaribu.

Anakuuliza, "Umejaribu?" Unamjibu, "Nimejaribu, Madam." Anakutazama juu ya miwani. "Umejaribu kwa jasho au kwa macho?" Kwa jasho ni kwamba umehangaika. Kwa macho ni kwamba umeifungua, umebonyeza kila kitu, umeandika jina refu pale wanapotaka fupi, umeacha pengo pale wanapotaka namba, umefanya kila ujinga ambao mteja mwenye haraka ataufanya, na umeona kinachotokea. Alisema lugha yetu ina ukarimu wa hatari, maana aliyeshindwa na aliyehakikisha wote wanasema nimejaribu, na wote wanapewa pole. Sisi watu wa soko tulilijua hilo zamani. Ukimuuliza mtu kama tikiti ni tamu akasema nimejaribu, mwambie alipasue.

Kicheko chake nimekiahirisha, maana ndicho kinachouma.

Madam hakuwa na kicheko cha kawaida. Kilianzia mabegani. Mabega yanapanda, mdomo unafumbwa kwa nguvu, halafu kinatoka chote kwa pamoja kama maji ya bomba lililokaa wiki bila maji. Hakuweza kukizuia, na alijua. Alikuwa akiomba radhi huku bado anacheka. Kwa mkono mmoja alikufungulia mlango wa kuuliza, na kwa kicheko akaurudisha usoni kwako.

Mwezi wa pili wa darasa nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Jumatatu. Nilikuwa nimemaliza ukurasa wangu, una picha ya vitunguu na namba yangu ya simu, na nilikuwa nikiuwaza hata nikiwa kitandani. Nikasema, "Madam, nikiizima kompyuta, ukurasa unakaa wapi?"

Mabega yakapanda.

Alicheka yeye kwanza, halafu darasa zima, na kijana fundi simu aliyekuwa kiti cha mbele akapiga na meza. Baadaye, akijifuta machozi, Madam alisema ni swali zuri kuliko yote ya mwezi ule. Akatueleza kwa uzuri kabisa kwamba ukurasa unaokaa kwenye kompyuta yako ni kama tenga lililo chumbani kwako, na ukitaka watu walione ukiwa umelala inabidi upange meza kwenye soko lisilofungwa, kwenye kompyuta ya mtu ambayo haizimwi. Akanipa karanga. Nilizila nje peke yangu, na zilikuwa na chumvi nyingi.

Jibu lilisahauliwa, swali likabaki. Fundi simu alilipeleka sokoni, na kufikia Jumanne nilikuwa na jina. "Unakaa Wapi, vitunguu vimefika?" Watu ninaowadai waliniita hivyo. Wakwe zangu walisikia. Mimi nimesimama mbele ya mizani za wizi, nimetukanwa kwa lugha nne nikaendelea kupima, lakini lile jina lilinifunga mdomo. Tangu siku hiyo sikupata karanga tena. Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa kama anayeelewa.

Basi ndipo kina mama wa Ruaha Mbuyuni wakaingia.

Walikuwa wakilima nyanya za kumwagilia na kuniuzia mimi, katika miezi ambayo nyanya za huku kwetu zimechomwa na baridi. Shida yao ilikuwa gari. Fuso la kuja Mbeya lilisimama barabarani kwao Jumatano, na mashamba yako mbali. Ukibeba matenga hadi barabarani ukakuta gari limekwenda, huyarudishi shambani, unayauza kwa bei ya kufumba macho. Nikamweleza Madam. Akafurahi kuliko nilivyotegemea. Akasema hiyo ndiyo kazi ya darasa: ukurasa mmoja wenye sentensi moja kubwa, hata mwenye simu ya kioo kilichopasuka aisome. Kabla ya wakati, useme GARI BADO LIPO. Baada ya wakati, useme GARI LIMEONDOKA. Skripti iangalie saa na kubadilisha sentensi yenyewe.

Jumamosi ya mwisho kabla ukurasa haujaanza kazi, alimpigia dereva mbele yetu, simu ikiwa kwenye spika. "Saa kumi kamili nang'oa, Madam," dereva alisema. Mkono wa kushoto wa Madam ulishika simu, wa kulia ukaandika 10:00.

Niliiona.

Simu yangu ikionyesha kumi kamili, mimi nakunywa chai ya saa nne. Hivyo ndivyo ninavyojua kuwa chai imefika. Aliyesoma hesabu za juu anaweza kusahau kwamba kompyuta haihesabu saa kama sisi, lakini anayengoja chai hasahau. Swali likapanda mpaka kwenye meno: Madam, hiyo kumi ni ya kwetu au ya kompyuta? Mkono wangu ukanyanyuka, ukafika usawa wa sikio. Fundi simu akageuka, akanitazama akiwa tayari ameanza kutabasamu.

Nikajikuna sikio.

Nikajiambia kuwa yeye ndiye mwalimu, huenda kuna mahali ameiambia kompyuta ifuate saa zetu. Ndivyo mtu anavyojinyamazisha, anampa mwenzake elimu ambayo wala hanayo. Kisha tukajaribu, na nitasema ukweli, tulijaribu kwa macho. Tuliigiza kuwa ni Jumatano. Ilikuwa imepita saa kumi na moja jioni, ukurasa ukasema GARI LIMEONDOKA. Sawa. Kesho yake saa mbili asubuhi, kabla hajaenda kanisani, Madam akautazama tena, ukasema GARI BADO LIPO. Sawa vilevile. Kosa lilikuwa limelala katikati, kati ya saa nne na saa kumi, na hakuna aliyepita pale.

Jumatano kina mama walichuma mapema, wakapanga. Saa sita mwenyekiti wao akafungua simu akiwa bado shambani, akasoma GARI LIMEONDOKA, akawasomea na wenzake. Hawakumpigia dereva. Hawakunipigia mimi. Akatokea mchuuzi mwenye pikapu, akayachukua yote sitini na mawili, nyanya pamoja na mbao zake, kwa bei ambayo siitaji hapa kwa sababu baadhi ya wasomaji ni watu wa soko. Saa kumi kasoro robo fuso likasimama. Dereva akapiga honi mpaka akachoka, akanipigia. "Dalali, watu wako wamesusa?"

Tulikwenda wawili, mimi na Madam. Alisimama mbele ya wale kina mama, akakataa kiti, akaeleza ile kumi na kumi nyingine, akasema kosa ni lake. Hakutaja dereva wala darasa. Mwenyekiti, mama mpole mwenye mikono iliyopasuka kwa dawa za nyanya, akamwambia asijitese. "Na sisi tungepiga simu tukauliza, mama. Lakini tuliona aibu. Tulijua tumechelewa wenyewe."

Nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa viwili. Nikavihesabu tena.

Njiani tukirudi alikaa dirishani akitazama nje mpaka tulipoupita mji wa Iringa. Ndipo akasema, "Kinachonipa nafuu ni kimoja, Dalali. Watu kumi na mmoja mlikuwa mnatazama, na hakuna aliyeona. Basi haukuwa uzembe. Kosa lilijificha."

Nikasema, "Ndiyo, Madam."

Nimewahi kuuza nyanya zilizopitiliza kwa kumwambia mteja kuwa zitafika tu Tunduma. Sijawahi kuuza kitu kibovu kama ile ndiyo. Na alivyo, hakuuliza bei. Aliichukua kama ilivyo.

Haukupita muda akafunga darasa. Kompyuta ziligawanywa kwa bei ya kutupa, mimi sikununua. Akarudi kwao Kalenga kukaa na dada yake. Sokoni watu waliendelea kuniita Unakaa Wapi, na sasa nilikuwa nikiitika.

Mwezi uliopita nilikuwa Iringa mjini kwa habari za vitunguu, mwenye mzigo akachelewa, nikajikuta na mchana mtupu. Nikapanda bodaboda hadi Kalenga. Nyumba yao iko karibu na njia ya kwenda makumbusho, na nilipofika nilimkuta anawaelekeza wageni wawili kwa mkono, hana haja hata ya kusikia wanauliza nini. Aliponiona akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, Dalali," kama vile tuliachana juzi. Amepungua. Alikuwa anapukuchua maharage kwenye ungo, na sikuona karanga popote.

Sebuleni laptopu yake ilikuwa mezani imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna chombo cha maua ya plastiki. Kitu kikishawekewa maua hakifunguliwi leo wala kesho. Nikamuuliza habari za kina mama. Akasema mwenyekiti amempigia mara nyingi, anataka ukurasa urudi, maana bado wanabeba matenga hadi barabarani bila kujua, na juzijuzi wamepoteza mengine. Amekataa.

"Kwa nini, Madam?"

"Kosa likipita mbele ya macho ya watu kumi na mmoja, wote wazima, nitaamini jicho la nani tena?" Akarusha ganda. "Nikikosea moja la namna ile, yako mengine. Sitayaona, na hakuna atakayeyaona."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichomuuzia kwenye lile basi. Nilidhani nimempa mto wa kuegemea, kumbe nilimpa kufuli. Nikapiga hesabu zangu. Nikinyamaza, anabaki na nafuu yake na kina mama wanabaki barabarani. Nikisema, namnyang'anya nafuu uzeeni, na mimi nafukuzwa kabla ya chai. Nikahesabu upya, ikaja hasara ileile pande zote mbili. Sijazoea biashara ya hivyo.

Nikasema, "Madam, nina swali la kijinga."

"Karanga siku hizi sina."

"Ile kumi uliyoiandika. Nilitaka kukuuliza kama ni saa kumi au saa nne."

Maharage yaliendelea kudondoka kwenye ungo, mawili, matatu, kisha yakakoma.

"Ulitaka lini?"

"Palepale. Mkono wako ulikuwa haujatoka kwenye kibodi."

"Ukaona."

"Nikaona."

"Na kwenye basi ukaniambia ndiyo."

Nikaokota punje iliyoanguka chini, nikairudisha kwenye ungo. Akauliza kwa sauti ya chini sana, sauti ya mtu asiyezoea kuuliza, "Kwa nini hukusema?"

Ningeweza kumlaumu fundi simu. Nilikuwa nimemwandaa tangu mjini. Lakini mdomo ulikwenda wenyewe. "Ulinicheka, Madam. Ile siku ya ukurasa unakaa wapi."

Mabega yake yakapanda. Mdomo akaufumba. Nikasubiri, kama anayesubiri mvua na nyanya zake ziko wazi. Yakakaa juu muda mrefu, yakashuka polepole, na hakikutoka kitu. Akauweka ungo chini. Akaingia sebuleni, nami nikamfuata. Akayatoa yale maua akayaweka sakafuni, akakikunja kitambaa mara nne, akafunua laptopu. Ilichelewa kuwaka, na wote wawili tukaitazama kama wageni. Akalitafuta lile faili, akalifungua, akanigeuzia kioo. 10:00 ilikuwa palepale. Hakuwahi kuigusa.

"Jina tulikupa, karanga ulikula," akasema. "Hapo hatudaiani. Lakini lile swali ni langu, Dalali, na umekaa nalo muda wote huu." Akavuta kiti, akaniachia, yeye akasimama upande ambao darasa lingekaa. "Nilipe. Uliza kwa sauti, kama vile wote wapo."